Waya Iliyolala Jikoni

Mimi na baridi hatujawahi kupatana. Nilizaliwa upande wa Embu, kule chini ambako Julai unavaa sweta asubuhi kwa sababu mama amekukazia macho, na ikifika saa nne umeshaifunga kiunoni. Kwa hiyo mtu akiniuliza ni kazi gani niliyoifurahia kuliko zote katika miaka niliyofunga stima, hushangaa nikimtajia wiki moja ya Julai juu ya Endarasha. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Maji ya ndoo yalikuwa yameganda juu, ukayavunja kwa kikombe kabla ya kunawa uso. Nasema kunawa uso tu, maana kuoga sikuoga siku tano, na wala sioni haya kuliandika hilo.

Ilikuwa miaka ya sabini, mwanzomwanzo. Stima ilikuwa imetoka mjini Nyeri ikaanza kupanda kuelekea mashambani, nguzo kwa nguzo, na kila kituo kilichofikiwa na nguzo kilijiona kimekuwa mji. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na cheti kipya mfukoni. Nilikuwa nimefanya kazi miaka minne chini ya fundi mmoja mzee wa Nyeri, tukizunguka naye Karatina, Kangema mpaka Kangari, tukifunga hoteli za chai na nyumba za walimu. Sasa kwa mara ya kwanza alikuwa amenituma peke yangu.

"Hii ni yako," aliniambia. "Mimi sitakuja hata kuangalia."

Nilikwenda kupanda gari nikiwa nimetanua kifua, kisanduku cha vyombo begani, nikitamani mtu aniulize naelekea wapi ili nimjibu.

Kazi yenyewe ilikuwa zahanati ndogo ya kanisa: vyumba vitano, jiko la kuni lililojengwa pembeni, na chumba cha kujifungulia. Aliyenipokea alikuwa mkunga, mama wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia ikipanda. Kila mtu alimwita Sista, ingawa hakuwa mtawa. Alikuwa na mume na shamba la viazi. Hakunikaribisha chai kwanza. Alinipeleka moja kwa moja chumba cha kujifungulia.

Kulikuwa na vitanda viwili. Katikati palikuwa na jiko la makaa, na nyuma yake dirisha la mbao lililokuwa wazi kiasi cha shubiri, limezuiwa na jiwe la mtoni lenye ukubwa wa mkate. Jiko lilikuwa jekundu kabisa, na mimi nilikuwa natetemeka.

"Umeona?" Sista aliniuliza. "Nikiwasha makaa na nifunge dirisha, hiyo hewa ya makaa itaniua watu. Nikifungua dirisha, baridi yote ya msitu inaingia. Mtoto akizaliwa hapa July, mimi namfunga tu kwa kifua ya mama yake na naomba Mungu. Miaka kumi na moja, fundi. Sitaki taa ya kusomea gazeti. Nataka kufunga hii dirisha."

Kisha akanionyesha sanduku chini ya kitanda. Ndani yake, ikiwa imefungwa kwa kanga kama mgeni wa heshima, kulikuwa na hita ya ukutani ambayo akina mama wa kanisa walikuwa wameichangia. Ilikuwa imekaa pale mwaka mzima ikisubiri stima.

Mambo yalikuwa hivi. Ijumaa saa nne angekuja mkaguzi wa stima kupima waya zangu zote. Zikipita, vijana wa nguzo, ambao tayari walikuwa wamefika barabarani, wangetuunganisha siku hiyohiyo. Zikikataa, Jumamosi lori lao lilikuwa linahamia upande mwingine wa wilaya, na zahanati ingerudi mwisho wa foleni. Foleni hiyo hakuna aliyejua urefu wake. Nilimwambia Sista asiwe na wasiwasi, Ijumaa dirisha atalifunga. Niliyasema maneno hayo bila mtu kuniomba, jinsi kijana anavyosema akiwa na cheti kipya.

Jumatatu na Jumanne nilifunga paipu. Siku hizo paipu zilikuwa za chuma, na chuma cha asubuhi kule juu si kitu cha kushika ovyo. Nilikuwa na tabia niliyoiga kwa yule fundi mzee, mwalimu wangu, ya kubana skrubu kwa midomo nikiwa juu ya ngazi, ili mikono ibaki huru. Jumatatu saa moja unusu skrubu moja ilinigandia kwenye mdomo wa chini. Nikabaki nimesimama pale juu nikiipulizia pumzi ya moto ili iniachie. Sista akapita chini akauliza kama niko sawa, nikamjibu kwa pua. Mikononi nilivaa soksi zilizokatwa ncha, na bado ilipofika saa tatu vidole vilikuwa si vyangu. Bisibisi ikinianguka sikujua imeanguka mpaka niisikie sakafuni.

Na hata hivyo nilikuwa na furaha ya ajabu! Sijui niielezeje. Kila paipu niliyoipiga ukutani ilikaa wima kabisa, kila kona ilikubali, na nikishuka kwenye ngazi nilirudi nyuma hatua nne kuitazama kazi yangu nikiwa nimeinamisha kichwa, kama mtu anayetazama suti dukani. Nilijaribu kupiga mluzi lakini midomo ilikataa. Nikaimba. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi la nje walinivumilia.

Chakula nilikula jikoni, na jiko lile lilikuwa ufalme wa cucu mmoja, yaani bibi mzee kwa lugha ya kule, mpishi wa zahanati. Alikuwa mfupi, mkali, amejifunga leso mbili kichwani, na hakuna kitu kilichomfurahisha kama kunichokoza kwamba mimi ni mtu wa joto. Pamoja naye walikuwepo akina mama watatu wa kanisa ambao wiki hiyo ilikuwa zamu yao kuleta kuni na viazi. Wakishatua mizigo waliketi kuzunguka moto, wakatoa viondo vyao, vikapu vya mkonge, na kuendelea kusuka. Na kando ya mafiga, ndani ya kikapu chenye majani makavu, alilala mwanambuzi wa siku mbili. Alikuwa amezaliwa usiku wa sakitu, na desturi ya pale ni kwamba mbuzi akizaliwa na baridi analetwa ndani, analazwa karibu na moto mpaka apate nguvu.

Jumanne jioni niliingia jikoni nikiwa nimebeba roli mbili za waya nene, zile za hita. Nilikata kipande kidogo nikakipinda, nikasikia kimelia tak. Ngozi yake ya plastiki ilikuwa imepasuka. Mwalimu wangu alikuwa amenionya kuhusu hilo: waya ikipoa sana inakuwa ngumu, ukiipinda kwa nguvu inavunjika ngozi. Hakuwahi kunionya sana, maana Nyeri mjini hakupoi kiasi hicho.

"Kwani inalia nini?" cucu aliniuliza.

"Ni baridi. Kesho nataka kuivuta ndani ya paipu, na ikiwa hivi itapasuka yote."

Alinitazama, akaitazama waya, akamtazama mwanambuzi.

"Si ulaze hiyo waya hapa? Hata hii mbuzi ililetwa ikiwa kama ukuni. Ati sasa inaruka. Wacha waya yako ilale kwa moto, na kesho itaamka laini."

Wale akina mama walicheka, nami nikacheka, na nikaona ni wazo zuri kabisa. Niliziweka roli mbili kando ya kikapu cha mbuzi, mbali na mafiga kiasi cha hatua mbili, nikamwambia cucu, "Hapo hapo. Si karibu zaidi." Akasema sawa. Nikaenda kulala chini ya blanketi tatu na koti.

Jumatano waya iliamka laini. Ilikuwa na joto bado, inajipinda mkononi kama tambi zilizoiva, nami nilikaribia kumkumbatia cucu. Sista alinipa kopo la poda ya watoto, kwa kuwa waya ikipakwa poda inateleza ndani ya paipu bila kukwaruzwa, na siku nzima nilivuta waya nikinukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mchana, kwenye kitanda cha pembeni, alilazwa mama aliyejifungua alfajiri ile. Alikuwa amejifunika mpaka kidevuni na mtoto yuko ndani kifuani. Sikumwona hata pua. Dirisha lilikuwa wazi juu ya jiwe lake, na ukungu ulikuwa ukiingia ndani waziwazi. Nilivuta waya kwa kasi zaidi. Jioni yote ilikuwa imeingia, hita iko ukutani, swichi zimekaa, na nilikula viazi vya kuponda sahani mbili.

Sasa niseme nilichokosea, maana hapa ndipo kilipo.

Mwalimu wangu alikuwa na sheria moja ambayo hakuibadilisha kwa mtu yeyote. Kabla waya haijaingia kwenye paipu, lazima uisome. Kuisoma ni kuipitisha yote katikati ya kidole gumba na cha shahada, mikono mitupu, polepole, futi kwa futi. Kidole kinajua mahali ngozi imepungua kabla jicho halijajua. Miaka minne niliisoma waya kila siku. Jumatano ile, kwa soksi mkononi na vidole vilivyokufa ganzi, nilijifanya naisoma. Niliipitisha tu. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na furaha, na waya ilikuwa nzuri sana kutazama.

Alhamisi saa tatu asubuhi nilitoa kipimo. Ni kisanduku chenye mkono wa kuzungusha na mshale kwenye kioo; unakifunga kwenye waya na paipu, unazungusha, na kama ngozi ya waya ni nzima mshale unapanda mpaka mwisho wa kioo. Ngozi ikiwa imetoboka unabaki umelala. Nilianza na taa. Mshale ukapanda. Nikaenda kwenye soketi, ukapanda tena. Nikaanza kuimba. Nikafunga kipimo kwenye waya za hita, nikazungusha, na mshale haukuinuka hata kidogo.

Nilizungusha tena. Nikasafisha ncha. Nikazungusha mpaka mkono ukauma. Mshale ulilala.

Kwanza nililaumu ukungu. Nikajiambia paipu zimetoa jasho ndani. Halafu nikalaumu kiwanda, nikalaumu duka, nikamlaumu hata mwalimu wangu ambaye hakuwepo. Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na hasira ikinipanda huwa natafuta wa kumtupia. Nilifungua visanduku vya njiani, vile vya kuungia waya, kimoja baada ya kingine nikitenganisha waya, mpaka nikajua ubaya uko wapi, nikaivuta nje. Kidogo tu ilipotoka, nikaona. Upande mmoja ngozi ilikuwa bapa na yenye kung'aa, imeyeyuka ikiwa bado kwenye roli, ikashikana na mzunguko wa jirani, na nilipoitenganisha Jumatano ilikuwa imechunika. Shaba ilikuwa ikinichungulia.

Nilikwenda jikoni nikiwa nimeishika mkononi.

"Cucu! Ulisogeza waya?"

Aliacha kumenya viazi. Wale akina mama wakaacha kusuka.

"Nilisogeza," alisema. "Hiyo usiku ilikuwa baridi mbaya. Niliamka nikashika hiyo waya, nikasikia ni kama mkono ya maiti. Nikasema haki hii haitaamka. Nikaweka hapa kwa mafiga, na gunia juu, na alfajiri nikarudisha kwa kikapu."

"Kwa mafiga! Na nilikwambia isikaribie zaidi!"

"Mimi niliweka vile tunaweka mbuzi," alisema, na sasa yeye pia alikuwa ameanza kupandisha sauti. "Lakini mbuzi ikisikia moto inajisongesha yenyewe. Ningejua aje waya yako haina akili?"

Halafu mama mmoja akacheka puani, akajaribu kukizuia kicheko, akashindwa, na wote wakafuata. Mimi nilisimama pale na waya yangu isiyo na akili, nikitaka kupiga kelele, na kicheko kikanitoka bila kukitaka. Lakini hakikudumu. Nilikaa juu ya gogo nikawaambia ukweli: kesho saa nne mkaguzi anakuja, waya nyingine nene iko Nyeri, na gari la kanisa lilikuwa limeshuka Karatina na lisingerudi mpaka Ijumaa jioni. Niliwaambia pia kwamba kosa si la cucu. Kama ningeisoma ile waya jinsi nilivyofundishwa ningeligundua Jumatano asubuhi, tukiwa bado na siku mbili. Nilihisi aibu mpaka masikioni.

Sista alikuwa amesimama mlangoni. Sikujua amekuwepo muda gani. Aliuliza swali moja tu: "Yote imeharibika?"

Hilo ndilo swali ambalo mimi, kwa hasira zangu, sikuwa nimejiuliza. Haikuwa yote. Ni mizunguko ya nje tu ya roli ndiyo iliyotazama moto. Na kila roli ilikuwa na mabaki. Kati ya kisanduku kimoja na kingine ukutani nilihitaji vipande virefu vilivyo vizima, kwa kuwa ndani ya paipu hairuhusiwi kuunga waya, lazima maungio yawe ndani ya visanduku. Kama ningejua ni wapi hasa pabovu na wapi ni pazima, huenda ingetosha. Nilivua soksi nikajaribu kuisoma. Vidole havikusikia kitu. Nilijua kwa macho kwamba pale ngozi imepungua, na kidole kikapita juu yake kana kwamba hapana kitu.

"Leta," alisema mama aliyeketi karibu na mlango, akanyoosha mkono bila kunyanyuka.

Aliishika waya kwa vidole viwili, mikono ikiwa na joto la moto, akaivuta polepole huku akitazama pembeni. Akasimama. Akarudi nyuma kidogo. "Hapa imekonda," akasema. Nilipaleta machoni, na sikuona chochote. Nikapakuna kwa ukucha, na kweli ngozi ilikuwa nyembamba kama karatasi, imepungua kwa ndani.

Sikuwahi kufikiria. Wanawake hawa walikuwa wamesokota nyuzi za mkonge kwenye mapaja yao tangu wakiwa wasichana. Uzi ukikonda mahali, kiondo kinakatika hapo siku ya kwanza kikibeba viazi, kwa hiyo vidole vyao viliujua uzi mbovu bila kuuliza macho. Niliruka kutoka kwenye gogo! Nilikimbia kuvuta waya zote nje ya paipu, nikazileta jikoni mafungu mafungu, na wote wanne wakakaa mstari mmoja kuzunguka moto, cucu akiwa wa mwisho kwa sababu alisema yeye ndiye hakimu. Waya ilipita kutoka mkono hadi mkono. Mahali palipokonda walifunga uzi wa mkonge, kifundo kimoja kidogo, na kuendelea.

Mimi walinikalisha na beseni la maji ya vuguvugu, mikono ndani, kama mgonjwa. Vidole vilipoanza kuamka viliwasha mpaka nikauma meno. Kisha nikaingia kwenye mstari nami nikasoma. Mara mbili nilipitisha pabovu, na mara mbili cucu akanirudishia waya, kifundo kipya kikining'inia. Chai ilipikwa, viazi vikachomwa kwenye majivu, mwanambuzi akatoka kikapuni akapita juu ya waya zangu akijiona mkaguzi. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka huoni choo. Ndani tulikuwa tunacheka, tunahesabu urefu kwa mikono, nakata vipande vibovu na kuvitupa pembeni. Kabla jua halijazama niliweka vipande vizima sakafuni nikavipima dhidi ya kuta zangu, kimoja baada ya kingine. Vilitosha. Cha mwisho kilizidi kwa kiasi cha mkono wangu tu, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole.

Ijumaa nilianza kuvuta kulipopambazuka. Waya zilikuwa zimelala jikoni tena, lakini safari hii ndani ya kikapu cha mbuzi, hatua nne kutoka kwenye moto, na cucu akanihakikishia kwamba hakuamka hata kwenda haja. Poda iliisha, Sista akafungua kopo jingine. Yule mama kitandani alinitazama nikipanda na kushuka, mtoto wake bado amefunikwa gubigubi, pumzi ya mama ikionekana kama moshi kila alipotoa hewa. Nilipiga skrubu ya mwisho ya hita saa nne kasoro robo. Sikupata nafasi ya kupima mwenyewe. Lori lilikuwa limeshapiga honi langoni.

Mkaguzi alikuwa mwanamume mnene aliyevaa koti refu la jeshi, na hakusalimia mtu. Alianza na taa, akaenda soketi, akiandika bila kuinua uso. Alifungua kisanduku kimoja cha njiani akanusa.

"Fundi. Kwa nini hii paipu inanukia mtoto?"

"Ni poda, bwana mkubwa. Ya kuteleza."

Akakifunga, akaendelea. Alifika kwenye hita, akafungua kifuniko, akaingiza kidole, akavuta waya mbele. Kulikuwa na kifundo cha mkonge juu yake.

"Na hii ni nini?"

Kila kifundo kilikuwa na maana moja: hapa ni pabovu. Nilikuwa nimekata vyote, nilikuwa na uhakika, na sasa hiki kimoja kilikuwa kimebaki, nacho nilikuwa nimekisukuma ndani kwa haraka za asubuhi. Mlango ulikuwa umejaa watu: Sista, akina mama watatu, vijana wawili wa nguzo.

"Hiyo ni yangu," cucu alisema kutoka nyuma yao. "Nilifunga nikimaliza. Hata kiondo ikiisha unafunga hapo mwisho, ndio ujue imeisha. Sasa hii pia iliisha."

Mkaguzi aligeuka akamwona bibi mwenye leso mbili amebeba mbuzi. Hakuuliza zaidi. Alifunga kipimo chake, akaanza kuzungusha.

Mshale ulitetemeka. Ukalala. Ukatetemeka tena, kisha ukapanda, ukapita katikati, ukaenda mpaka mwisho wa kioo ukagota hapo. Alisimama, akazungusha mara ya pili. Ukaenda pale pale. Nilitaka kupiga yowe, na mmoja wa akina mama akanipigia.

Mambo yaliyofuata yalikwenda mbio. Kijana akapanda nguzo, mwingine akaleta mita, mkaguzi akasaini, mimi nikasaini chini yake jina langu kwa mara ya kwanza. Saa saba kasoro robo tulikuwa wote ndani ya chumba cha kujifungulia. Nilimwachia Sista swichi. Aliibonyeza. Kwa muda hakuna kilichotokea, halafu nyuzi za ndani ya hita zikaanza kuwa za rangi ya kahawia, zikawa nyekundu, na joto likatugusa usoni.

"Na moshi inatokea wapi?" cucu aliuliza, akizunguka upande wa pili kuitafuta.

Sista aliweka kiganja mbele ya hita, akakiacha hapo. Kisha akabeba jiko la makaa kwa kitambaa, akalitoa nje, akarudi. Akaliendea dirisha, akaliondoa jiwe, akasukuma. Dirisha halikufunga. Akasukuma kwa mikono miwili. Lilikuwa limekaa wazi miaka kumi na moja kwenye ukungu, mbao zimevimba, na sasa halikuingia tena kwenye fremu yake.

Hakugeuka. Niliona mabega yake tu. Nikakumbuka nilivyomwambia siku niliyofika, kwamba Ijumaa dirisha atalifunga, na nikakirukia kisanduku changu cha vyombo. Nilikuwa na patasi. Nilianza kuchonga ule ukingo uliovimba, vipande vya mbao vikiruka, na mkaguzi wa koti refu, aliyekuwa na lori likimsubiri, akaja akashika dirisha kwa bega lake lisicheze. Tulichonga, tukajaribu, tukachonga tena chini, yeye akinielekeza pa kupunguza kana kwamba ni yeye aliyelijenga. Hatimaye tulisogea pembeni wote wawili tukihema.

Sista alilisukuma kwa kidole kimoja. Likaingia, likafunga.

Chumba kikawa kimya kwa namna ambayo sikuwahi kukisikia wiki nzima, bila upepo. Yule mama wa kitandani alitutazama sote, akaitazama hita, akasubiri kidogo ahakikishe. Kisha akavuta blanketi chini, akafunua uso wa mtoto.